Malizia, Mwalimu

Mkiniona hapa sokoni Malaba nikipiga miayo juu ya karanga zangu, msidhani mimi ni mvivu. Nimechoka. Nimechoka hadi nasahau kama mteja nimeshampimia au bado. Mume wangu ni Mwalimu Omagor, yule aliyefundisha Kiingereza nusu ya watu wa hapa, na tangu kiharusi kimpige hawezi kujigeuza kitandani wala kusema anataka nini. Naamka namwosha, namlisha, namkalisha kwenye kiti, namwachia jirani yangu Jacinter amchungulie, nakuja kuuza. Nikirudi naanza tena.

Zamani huyo mtu alikuwa na maneno, wacha tu! Hasa yale ya kutengeneza vitu. Mimi niliishia darasa la sita, lakini hayo nayajua yote kwa sababu alinifundisha kwa nguvu, mimi nasonga ugali, yeye amesimama mlangoni. Repair ni ya kitu kilichoharibika: baiskeli, kiatu, redio. Renovate ni ya nyumba iliyochakaa lakini bado imesimama. Rebuild, hapo ukuta umeshalala chini, unaanzia kwa msingi. Na restore ni kurudisha kitu kilichokuwepo kikapotea: amani, afya, stima. Stima ikirudi jioni, taa zikawaka, mtaa mzima unapiga kelele, na yeye kwenye kiti chake anatangaza, "Power has been restored." Wueh, ilinikera! Na ukimwambia unataka kurebuild kiatu, anakutazama kama umemtukania mamake.

Sasa yote yalikuwa yamekwenda. Daktari alisema niongee naye, nikaongea hadi koo likakauka. Yeye ananitazama tu, jicho moja limelegea. Siku moja nilimuuliza kwa hasira, "Na wewe Mwalimu, wewe ni wa kufanyiwa ipi kati ya zile nne?"

Ndipo kaka yake Odeke akaanza kuja kutoka kwao Amukura. Odeke si mtu mbaya, nisimsingizie. Aliniambia, "Shemeji, wewe umeisha. Tumpeleke nyumbani, kule kuna mikono mingi. Wewe baki na biashara yako, utuone Jumapili."

"Mtu habebwi kama gunia," nikamwambia. "Mpaka akubali mwenyewe."

"Atakubali aje na hasemi?"

Tukaelewana tungoje. Mavuno yakiisha atakuja na gari, na kama Mwalimu atakuwa bado hawezi kusema anapotaka kukaa, atamchukua. Niwaambie ukweli? Sikujua naomba nini. Kuna siku nilipomgeuza, mgongo ukanikata, nikaliona akilini lile gari la Odeke likiingia kwa geti, na moyo wangu ukatulia kabisa. Kisha nikajichukia mpaka jioni.

Kabla ya mavuno alikuja Allan kumsalimia, mwanafunzi wake wa zamani ambaye siku hizi anashughulikia karatasi za malori pale mpakani. Alikaa, akaanza utani wa darasani. Mnajua vile walimu wetu hufundisha: anaanza sentensi, anaivuta sauti, anaiacha ikining'inia, na darasa zima linamalizia. Allan akaiga, kidole juu, kama Mwalimu mwenyewe.

"Class, we repair a…?"

"Bicycle," Mwalimu akasema.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Ilikwenda yote chini.

"We rebuild a…?"

"Wall!"

"We restore…?"

"Peace!" Mate yalimtoka, lakini alisema, tena kwa sauti ya kusikika barabarani. Allan, mtu mzima na tumbo lake, akalia.

Kumbe hawezi kuanza, lakini ukimwanzishia anamaliza! Basi nikawa mwalimu mimi. Kila asubuhi kabla ya soko: "Mwalimu, sasa tutakunywa…?" "Chai." "Nje kunanyesha…?" "Mvua." Siku nyingine anasema bicycle kwa kila kitu, namfokea, "Ebu nitolee hiyo bicycle yako!" kisha tunacheka wote wawili, yeye kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini jina langu lilikataa. "Mke wako anaitwa…?" Ananitazama mdomo. "Mama ya watoto wako anaitwa…?" Bicycle. Miaka yote hiyo ya ndoa, ukuta ameukumbuka, mimi hapana. Iliniuma sana, sitawadanganya. Nikaacha kuuliza.

Mavuno yakaisha. Odeke akaja na gari, nyuma ameshatandika godoro. Akaketi mbele ya ndugu yake, akamshika goti.

"Mwalimu, twende nyumbani?"

Mwalimu akautazama ule mkono gotini.

"Unataka kwenda na mimi, ama unataka kubaki?"

"Bicycle."

Odeke akanitazama kwa huruma. Sikubishana. Nguo zake nilikuwa nimeshazipanga kwenye mfuko, na ile shuka anayoipenda nimeifua. Ilibaki soksi tu. Nikapiga magoti nimvishe, kwanza ule mguu mbaya, mgongo ukanikata kama kawaida yake, nami nikasema kwa uchovu, vile mtu husemesha mzigo wake:

"Haya, Mwalimu. Kule Amukura soksi utakuwa unavishwa na…"

Sikuwa namuuliza. Pumzi tu iliniishia.

"Apeduno," akasema.

Sikuinua kichwa. Niliogopa kwamba sijasikia vizuri.

"Amesema nani?" Odeke akauliza, na jina langu analijua vizuri sana.

"Apeduno," Mwalimu akarudia, kwa ukali, kama anayemkaripia mwanafunzi asiyesikia.

Nikampiga kofi begani. "Mjinga wewe! Ulikuwa wapi siku zote hizo?" Nikalia pale pale. Odeke alisimama, akapangusa uso kwa kofia yake, akatoka kwenda kukunja godoro lake.

Nilifurahi jamani, nilifurahi kweli. Nikabaki nimeketi sakafuni, soksi ya pili mkononi, nasikia gari likiondoka bila Mwalimu, na nikajua kupumzika sitapumzika tena. Mwalimu akanyoosha ule mguu wake mzima, akangoja.

Nikamvisha.