Mita Kumi na Tatu za Laban Shiundu

Kusini mwa Riyadh, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kuna barabara isiyokwenda popote. Inaanza kwenye geti la shamba lililokufa, inanyooka kilomita tatu bila kona hata moja, kisha inaingia kwenye tuta la mchanga na kuishia humo. Ilijengwa kwa ajili ya malori ya ngano. Ilipogundulika kwamba kulima ngano jangwani kunamaliza maji ya ardhini, jambo ambalo mkulima yeyote wa Kakamega angelisema bure, malori yaliacha kuja na vijana wa mjini wakaanza kuja. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri walipanga magari mawili mawili na kuyakimbiza robo maili, yaani mita mia nne na mbili, kuona lipi litafika kwanza. Mahali hapo walipaita Mazraa, maana yake shamba. Mashindano yalikoma miaka minane iliyopita. Zimebaki lami iliyopasuka, mistari miwili ya rangi nyeupe, na hadithi.

Hadithi ni nyingi kuliko magari yaliyowahi kufika pale. Inasemekana karibu na nguzo ya tatu ya umeme palikuwa na jini aliyezima injini za watu wasiosali. Ukweli ni kwamba upepo ulikusanya mchanga mahali hapo, na mchanga haumuulizi mtu dini yake kabla ya kuingia kwenye injini. Inasemekana gari moja jeupe aina ya Patrol lilimpita kozi aliyekuwa akishuka kumkamata njiwa. Hakuna aliyemwona kozi huyo, ila kila mtu ana binamu aliyemwona. Inasemekana pia kwamba soda iliyomwagwa kwenye mstari wa kuanzia, ili sukari inate na magurudumu yasiteleze, ni siri iliyogunduliwa Mazraa. Watu wa mashindano haya humwaga vitu vinavyonata katika nchi nyingi, na kila mahali hujiona wa kwanza.

Aliyezitunza hadithi hizi kwa bidii kuliko Wasaudi wenyewe ni Mkenya, Laban Shiundu, mwenye umri wa miaka hamsini na saba. Ana chumba kimoja huko Malaz, mjini Riyadh. Wakenya wenzake wakija kula chapati siku ya mapumziko, huwalipisha kwa kuwasimulia habari za Mazraa. Bei ni kubwa.

Laban aliletwa shambani mwaka 2005 kulaza mabomba ya kumwagilia maji, yeye na mwenzake mmoja wa Kitui aliyeitwa Pius. Yalikuwa mabomba ya alumini, kila moja mita sita. Kila asubuhi waliyabeba begani, wakayaunganisha moja baada ya jingine katikati ya mimea, na jioni wakayafungua na kuyahamishia mstari wa pili. Walifanya hivyo mpaka shamba likafungwa. Laban alibaki kama mlinzi, na kwa kuwa alikuwa pale vijana walipokuja na magari yao, wakampa kazi ya kusimama katikati ya magari mawili na kushusha kitambaa chekundu ili waondoke. Hiyo tu, na kuwapimia njia hapo mwanzo. Katika masimulizi ya Malaz, kazi hiyo imekua ikawa ukurugenzi. "Mimi ndiye niliyepima ile njia," huwaambia. "Mimi ndiye niliyetia mstari. Bila mimi pale ni vumbi tu." Pius, aliyeshiriki kila kitu kisha akarudi kwao na kufariki, hatajwi kabisa.

Hadithi iliyo juu ya zote ni ya ile Patrol nyeupe na mwenyewe, Abu Nayef, mfanyabiashara ambaye mwaka 2013 alimaliza robo maili kwa sekunde tisa nukta tatu. Rekodi ya watu wa Jeddah, waliokuwa na njia yao iliyopimwa na wataalamu, ilikuwa tisa nukta nne. Tofauti hiyo ni fupi kuliko kupepesa jicho, na saa ilishikwa na mdogo wake Abu Nayef ambaye mkono wa pili ulishika sambusa. Hata hivyo, watu wazima wamegombana kwa sababu yake kwenye harusi.

Mwaka huu kafili wa Laban, yaani mdhamini wa kibali chake, yule mzee mwenye shamba, alifariki. Warithi waliuza ardhi na kumpa Laban siku sitini: atafute kafili mwingine au aondoke nchini. Kwa mtu wa umri wake, ambaye ujuzi wake ni mabomba na kitambaa chekundu, kumpata kafili si rahisi. Alipiga simu kila alikoweza. Zilipobaki siku ishirini na moja alipigiwa na shemeji yake Lydia, mdogo wa mkewe, ambaye ni mfanyakazi wa ndani mtaa wa Aziziya, Jeddah.

"Shemeji, yule Abu Nayef wako si ni kaka yake madam wangu!" Lydia alisema. "Amehamia huku. Anafungua ukumbi wa magari ya zamani, ile Patrol iko katikati imewekewa taa kama bibi harusi. Anatafuta mtu wa kuwaeleza wageni habari zake."

"Mtu huyo ni mimi."

"Ndiyo nimekwambia. Umekaa kwenye vumbi miaka kumi ukipunga kitambaa, sasa nenda ukalipwe kwa kupiga domo. Hiyo kazi uliumbiwa."

Abu Nayef alikubali mara moja. Kuhamisha ikama, yaani kibali cha kuishi, kwenda kwa kafili mpya siku hizi ni kubonyeza simu tu, na alisema atabonyeza siku ya ufunguzi, mbele ya wageni, ili waone jinsi anavyowakumbuka watu wake. Kwenye ukarimu huo wa hadharani angeweza kuishia. Lakini alitaka pia ukutani, chini ya namba 9.3, paandikwe kwamba njia ya Mazraa imepimwa na mhandisi na kuthibitishwa. Hakuna aliyemlazimisha. Alimwajiri Ian, Mkenya kijana anayepima barabara mjini Riyadh kwa mkataba, na Laban akatumwa kumwonyesha mistari.

Walifika Mazraa Ijumaa alasiri. Ian alisimika chombo chake kwenye mstari wa kwanza, akamtuma Laban na fimbo yenye kioo kwenye mstari wa mwisho, akapima. Kisha akamwita arudi.

"Mzee, hii ni mia tatu themanini na nane na sentimita themanini."

"Rudia."

"Nimerudia mara tatu."

"Hicho chombo chako kimeota jua. Mimi nilipima kwa mabomba. Sitini na saba, kila moja mita sita. Piga hesabu."

Ian alipiga. "Mia nne na mbili."

"Enhe. Sasa nani mjinga hapa, mimi au hicho kitu cha miguu mitatu?"

Nyuma ya banda kulikuwa na rundo la mabomba ya zamani ambayo warithi hawakupata wa kuyanunua. Ian aliyaendea, akatoa mawili, akamwomba Laban amwonyeshe jinsi alivyoyapanga. Laban aliyapanga kama alivyoyapanga kila asubuhi ya maisha yake ya shambani: aliweka la kwanza chini, akaingiza mdomo wa la pili ndani yake, akapiga kwa kisigino mpaka likajifunga. Bomba lilikuwa limeingia shibiri moja ndani ya jingine. Ian aliinama, akapima sehemu iliyoingia. Sentimita ishirini. Viungo sitini na sita. Mita kumi na tatu na ushei.

Mtu mwingine yeyote angeyalaza bomba kwa bomba, yakigusana tu. Ilihitajika mtu aliyeyaunganisha maelfu ya mara, ambaye mguu wake ulijua kazi kuliko kichwa, ili kosa hilo litokee. Hesabu iliyofuata hata Laban aliielewa. Gari lenye kasi ile linahitaji karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kumaliza mita kumi na tatu. Ukiziongeza kwenye ile tisa nukta tatu, unapata tisa nukta tano. Jeddah hawakuwahi kushindwa.

"Kwa hiyo tunafanyaje, injinia?" Laban aliuliza.

"Mimi naandika nilichopima. Wewe fanya unavyojua."

Laban alisafiri kwenda Jeddah kwa basi. Abu Nayef alimpokea ofisini, nyuma ya ukumbi, akiwa na karatasi ya Ian mezani. Hakuwa na hasira. Watu wa pesa wakikutana na ukweli usiowafaa hawakasiriki, huutafutia mtu wa kuubeba.

"Yule mwenzako mrefu, aliyekufa," alisema. "Jina lake nani?"

"Pius, baba."

"Pius. Huyo alipaka rangi upya kabla hajarudi kwao, baada ya rekodi yangu. Akakosea mahali. Siku yangu mimi, njia ilikuwa kamili. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Laban alitazama simu ya Abu Nayef iliyolala juu ya karatasi. Pius hakupaka rangi upya. Alipaka mara moja tu, mwanzo kabisa, pale alipoonyeshwa na Laban.

"Ndivyo, baba," alisema.

"Yalla. Utawaeleza wageni hivyo hivyo, kisha nabonyeza. Mafi mushkila, hakuna shida."

Wageni walikuwa kama ishirini, wengi wao watu wa Jeddah waliokuja kwa adabu na kwa kahawa. Walizunguka Patrol iliyooshwa kuliko siku iliponunuliwa. Laban, akiwa amevaa koti la kuazima, alisimulia jini, akasimulia kozi, akasimulia soda. Kwa kusema haki, alisimulia vizuri. Uongo alioukariri miaka kumi ulimtoka kama maji ya bomba. Kisha Abu Nayef akatangaza, kana kwamba ni jambo dogo la kuchekesha, kwamba umbali kati ya mistari iliyopo leo umepungua mita kumi na tatu kwa sababu ya mfanyakazi mmoja aliyepaka rangi vibaya baadaye.

Mzee mmoja wa Jeddah mwenye miwani ya dhahabu, ambaye kaka yake alikuwa mwenye ile tisa nukta nne, aligeuka kumtazama Laban.

"Mita kumi na tatu? Huyo mtu alikuwa kipofu au mpumbavu?"

"Vyote viwili," alisema Abu Nayef, na ukumbi ukacheka. Mtu mwingine akaigiza kipofu akipaka rangi, akigonga taa ya Patrol kwa kiwiko. Wakacheka zaidi. Abu Nayef alikuwa ameshatoa simu, kidole kiko hewani, akisubiri Laban acheke pia.

"Pius hakuwa mpumbavu," Laban alisema.

"Laban," Abu Nayef alisema polepole.

"Alipaka mara moja tu, baba, mwanzoni, na alipaka pale nilipomwambia. Hakupima kitu. Nilipima mimi, kwa mabomba, na niliyaunganisha. Viungo vilikula mita kumi na tatu. Siku yako njia ilikuwa fupi vile vile ilivyo leo."

Ilichukua muda kabla mzee wa Jeddah hajamaliza hesabu yake kichwani. Alipoimaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kuisogelea Patrol kama mtu anayeaga maiti ya jirani asiyempenda.

"Mabruk, Abu Nayef," alisema. "Gari zuri. Limesafishwa vizuri sana."

Wapo watakaosema Laban aliongozwa na uaminifu. Lydia anasema ni kiburi: mtu aliyejisifu miaka yote kwamba kazi ilikuwa yake peke yake hakuweza kuvumilia kunyang'anywa hata kosa lake. Laban mwenyewe hatoi maelezo, na kwa mtu mwenye maneno mengi kiasi hicho, kimya hiki ni cha ajabu. Lililo wazi ni kwamba alikuwa na nafasi ya kucheka, kucheka tu, na hakucheka.

Abu Nayef aliirudisha simu mfukoni. "Halas, basi, Laban," alisema, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Nenda ukale." Ukutani namba 9.3 ilibaki. Iko hapo mpaka leo, na watu wa Jeddah huwapeleka wageni wao kuiona.

Lydia alikuwa uani, ametumwa na madam wake kuleta tende na birika za kahawa. Alimwona shemeji yake akitoka kwa mlango wa nyuma akivua koti.

"Amebonyeza?"

"Hajabonyeza."

"Atabonyeza lini?"

Laban alimweleza. Lydia aliweka sinia juu ya ukuta wa bustani kwa nguvu, vikombe vikagongana.

"Si ungesema tu ni Pius! Marehemu anataka ikama ya nini?"

"Ungewasikia walivyokuwa wakimcheka."

"Wangemcheka, halafu? Yuko Kitui chini ya udongo, hasikii kitu. Anayesikia ni dada yangu! Ameshawaambia watu wote wa kanisa kwamba mume wake ni mkubwa wa jumba la makumbusho."

"Nitamweleza mwenyewe nikifika."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Laban kusema neno "nikifika" tangu kafili wake afariki. Lydia alilisikia. Alifungua simu yake, akaanza kutafuta ndege za Nairobi. Ndani ya ukumbi watu walikuwa bado wanacheka, na haikujulikana tena walikuwa wanamcheka nani.

"Kuna ya Jumatatu na ya Alhamisi," alisema. "Ya Alhamisi ni nafuu sana. Na siku zako bado zipo, shemeji. Huna haraka."

"Kata ya Jumatatu," Laban alisema. "Nikikaa hadi Alhamisi nitarudi humo ndani kumwomba."