Jiwe Nililolirudisha kwa Macho

Kwenye mafunzo ya wapima ardhi wenye leseni, sisi wasaidizi tunakaa viti vya nyuma. Hakuna aliyetuambia tukae huko. Tunaingia tumebeba mashine ya kupimia na miguu yake mitatu, tunatafuta ukuta wa kuiegemeza, na tukishaiegemeza tunakaa hapohapo. Mzee wangu, mpima ninayemfanyia kazi, alikaa mstari wa pili na kitambulisho chake kikimning'inia shingoni. Nimemshikia fimbo ya prizma, kile kioo ambacho mashine inakilenga, miaka kumi na tisa. Yeye anachungulia kwenye mashine, mimi nasimama mbali na fimbo juu ya jiwe la mpaka, nahakikisha povu la kipimo cha usawa liko katikati. Kazi yangu ni hiyo tu, na mengine machache nitakayoyaeleza.

Sikusoma sana. Nilimaliza darasa la saba, nikagusa kidato cha kwanza, nikatoka. Kwa hiyo mahali nitakapokosea mambo ya kitaalamu, kosa ni langu, si la waliofundisha. Walifundisha vizuri. Hilo naliandika mapema nisije nikaonekana nawalaumu.

Leseni ya mzee ilikuwa inaisha mwaka huu. Siku hizi kuihuisha si suala la kupeleka fomu na kugongewa muhuri. Lazima uonyeshe kwamba umeendelea kusoma, una pointi zinazotakiwa. Mzee alikuwa na pengo, na pengo lile lingezibwa na siku hizi tatu za hapa Mwanza, zote, pamoja na zoezi la vitendo. Akizikosa hawezi kusaini ramani. Na mpima asiyesaini ramani ni mtu mwenye mashine tu. Ana miaka sitini na nne. Magoti yanamsumbua, macho yanamtoka machozi akichungulia muda mrefu. Nilimwuliza asubuhi ile kwa nini asipumzike tu. Akasema, "Nikipumzika nitakwenda wapi, mama? Nyumbani kuna nani?" Mke wake alishafariki.

Siku ya kwanza ilikuwa ya projekta. Mwezeshaji alikuwa kijana ambaye zamani alikuja kwa mzee kufanya mazoezi ya kazi akiwa chuoni, na alipoingia ukumbini alikwenda kwanza kwa mzee akainama kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Mzee akajibu marahaba huku akitazama pembeni, nadhani aliona haya kufundishwa na mwanafunzi wake wa zamani. Labda nakosea. Labda alikuwa anatafuta miwani.

Baada ya chakula cha mchana watu walichoka. Feni ilikuwa inazunguka bila kuleta upepo. Mzee alisinzia, na niseme kweli, na mimi nilisinzia. Lakini kuna maneno niliyasikia, kwa sababu mwezeshaji aliyasema mara mbili: "Vipimo vya mawe mawili vikipishana, usichague jiwe unalolipenda. Tafuta la tatu." Niliyaandika kwenye daftari langu. Sijui kama mzee aliyasikia. Ningeweza kumwonyesha daftari jioni, wala sikumwonyesha. Nilidhani mtu wa miaka yote hiyo hahitaji kuambiwa.

Siku ya pili tukapelekwa Igogo kwa zoezi la vitendo. Washiriki waligawanywa makundi matatu. Makundi yote yalitakiwa kupima kona nne za kiwanja kimoja, kila kundi likianzia kwenye mawe yake mawili ambayo namba zake zinajulikana ofisini. Ukipima vizuri, makundi yote yanapata jibu moja. Mzee alikuwa kundi la pili, na kwa umri wake wakamwachia aongoze. Humo alikuwamo mpima mmoja kijana mwenye miwani ya jua, mtu wa utani, ambaye alipoona mashine yetu alipiga mluzi.

"Mzee, hii ndiyo iliyopima safina ya Nuhu?"

"Ndiyo," mzee akasema. "Na Nuhu hajaleta malalamiko mpaka leo."

Watu wakacheka, mzee naye akacheka. Nilifurahi kumwona hivyo.

Tukapanda kichochoro kati ya majabali, ziwa likawa mgongoni kwetu, tukafika kwenye jiwe letu la kwanza. Jiwe la mpaka ni kitu kidogo tu: zege limezikwa ardhini, chuma katikati, namba juu. Mzee aliisoma ile namba, akanyooka akiwa ameshika kiuno. "Hili nililipanda mwenyewe," akawaambia wenzake. "Kabla baadhi yenu hamjaanza shule."

Mimi nilisimama pale na fimbo mkononi. Jiwe lile nililijua. Mzee alilipanda, ni kweli. Lakini pale lilipokuwa siku ile hakulipanda yeye. Nililipanda mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mvua, mafundi wa bomba walichimba mtaro hapo wakaling'oa nusu. Mama mwenye nyumba ya jirani alinipigia simu mimi, maana namba ya mzee haikupatikana. Mzee alikuwa Sengerema anazika mke wake. Nilipofika, mafundi walitaka kufukia waondoke. Nikasimama mtaroni. Sikuwa na mashine, nilikuwa na tepu tu. Nikatazama mstari wa ukuta, nikatazama jiwe la pili kule chini, nikapima kutoka kwenye kona ya nyumba kwa kukumbuka kipimo cha zamani. Jiwe nikaliweka mahali nilipoona ndipo. Nikachanganya saruji kidogo, nikalishindilia. Nikajisifu moyoni. Kisheria jiwe la mpaka halirudishwi hivyo, hata mimi wa darasa la saba nalijua hilo. Anayelirudisha ni mpima, kwa vipimo, na anaandika taarifa.

Mzee aliporudi kutoka msibani alikuwa hali wala hasemi. Nikajiambia nitamweleza wiki ijayo. Wiki ile ikapita. Baadaye nikaona nikimwambia atauliza kwa nini sikumwambia mapema. Halafu kweli nikasahau, kama mtu anavyoweza kusahau kitu anachotaka kukisahau.

Basi mzee akaweka mashine juu ya jiwe langu, mimi nikateremka kwenda kwenye jiwe la pili na fimbo. Akapima umbali kati ya mawe mawili. Ukapishana na ule ulioandikwa kwenye karatasi ya ofisini kwa upana wa kiganja.

Kijana wa miwani akasema, "Mzee, hapa kuna jambo."

"Jambo liko kule chini," mzee akajibu. "Hilo la chini limesogezwa. Watu wa huku wanafungia mbuzi kwenye mawe ya mpaka."

"Tusitafute la tatu?"

"Kijana, hili nimelipanda kwa mikono yangu."

Nilisikia kila neno, sauti inateremka vizuri kwenye majabali yale. Nilipaswa kupaza sauti palepale. Nilishika fimbo, nikatazama povu. Povu lilikuwa katikati kabisa.

Mchana majibu yakawekwa ukutani kwa projekta. Kundi la kwanza na la tatu yalilingana. Kundi la pili kona zote nne zilihama kiganja kizima upande wa ziwani. Mwezeshaji hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba kundi la pili limetoka nje ya kiwango kinachoruhusiwa na litajadiliwa baada ya chakula. Kijana wa miwani akamwegemea mwenzake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Jiwe la mzee limekwenda matembezi." Safari hii mzee hakucheka.

Nilimfuata nje alikokuwa amekaa na sahani yake, wali na samaki, hajagusa. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, nikaanzia mwisho, nikarudi kwenye mtaro, nikaingia kwenye msiba, nikatoka tena. Alinisikiliza akitenganisha miiba ya samaki na kuipanga pembeni mwa sahani.

"Ulilirudisha kwa kutumia nini?" akauliza.

"Kwa macho. Na tepu."

"Kwa macho." Akautoa mwiba mwingine. "Ilikuwa siku ile nikiwa msibani?"

"Ndiyo, mzee."

"Tangu siku hiyo nimepima viwanja vitatu kutoka jiwe lile, bila kulihakiki."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naapa sikuwa nimelifikiria. Mimi nilikuwa nawaza pointi zake tu. Nikamwambia niende mwenyewe kwa mwezeshaji nikakiri, kosa liwe langu, yeye apewe pointi zake. Akatikisa kichwa. "Wewe huna leseni ya kunyang'anywa. Utakiri nini?" Hakusema kwa kunidharau. Au kama alinidharau, alikuwa na haki yake siku ile.

Baada ya chakula alisimama. Alichukua muda kusimama, akashika kiti cha mbele. Akasema jiwe lile alilipanda yeye, kisha liling'olewa na mafundi likarudishwa na mtu wa ofisi yake bila kupimwa, na kila kitu kinachofanywa na mtu wa ofisi yake ni chake. Akasema ana viwanja vitatu vya kurekebisha. Hakugeuka kutazama nyuma nilikokaa. Hata kijana wa miwani alikuwa anatazama meza.

Nilidhani sasa atapewa pointi. Niliona wazi: jiwe ndilo lililokuwa baya, si upimaji wake. Mwezeshaji akaitoa kalamu mdomoni.

"Mwalimu," akasema, "nakushukuru. Lakini ulipoona mawe hayalingani, ulikuwa hujui habari ya mtaro."

"Sikujua."

"Kwa hiyo ulichagua."

"Nilichagua."

"Zoezi lilikuwa hilo. Siwezi kukupa hizo pointi, mwalimu. Utarudia kwenye mafunzo yajayo."

Wenzake wa kundi walipewa pointi zao, maana waliulizia jiwe la tatu na kiongozi wao akakataa. Nimejaribu sana kumchukia mwezeshaji yule. Siwezi. Angefanya vingine angekuwa amefundisha uongo. Alipomaliza alikwenda dirishani akatuonyesha mgongo, akaendelea na somo akiwa hivyohivyo. Mafunzo yajayo hakuna aliyejua ni lini, wala kama yatafanyika huku au mbali.

Leseni ikaisha. Mzee akaandika taarifa ofisini kuhusu jiwe lile, nami nikaandika yangu kwa mkono, ukurasa mmoja na robo. Niliirudia mara nne sentensi ya "nilidhani ndipo lilipokuwa". Kila nikiisoma ilionekana kama najitetea, na nikiifuta ilionekana kama nilifanya makusudi. Mwishowe niliiacha.

Jiwe likarudishwa panapostahili na wapima wa ofisi, safari hii kwa vipimo. Kisha tukaanza kupita kwenye vile viwanja vitatu. Mzee aliweza kupima, sheria haimkatazi mtu kuchungulia kwenye mashine. Ramani mpya zilitakiwa kusainiwa na mwenye leseni, na aliyekubali, baada ya wengine wawili kusema wana kazi nyingi, ni yule kijana wa miwani. Alikuja mwenyewe kila siku, akashika hata nyundo. Utani aliupunguza bila kuambiwa.

Kwenye kiwanja cha mwisho mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, Msukuma, ametoka na kanga kiunoni na unga mikononi. Mzee akamweleza yote bila kuficha, akasema kosa ni lake.

"Kwa hiyo ukuta wangu uko kwa jirani?"

"Kiganja kimoja, mayu," mzee akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kiganja chako au changu?"

Mzee akaufungua mkono wake. Mama akauweka wake juu, wenye unga, akalinganisha. "Chako kikubwa," akasema. "Mngetumia changu." Kisha akaenda kumwita jirani, wakasimama wote kwenye ukuta wakibishana kwa Kisukuma, sauti juu, mara kicheko, mara sauti juu tena. Ilichukua saa nzima. Mwishoni jirani alikubali ukuta ubaki na mpaka uandikwe pale vipimo vinapouweka, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mama alisema amekubali, lakini aliniangalia mimi, si mzee. Sijui nani alimwambia. Pengine hakuna, pengine uso wangu ulitosha.

Kijana akatandaza ramani juu ya jabali. Upepo wa ziwa ulikuwa unainyanyua, nikashika pembe mbili, mzee akaegemeza goti kwenye ya tatu. Pale chini, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa nimeliona jina la mzee na saini yake yenye mkia mrefu, kulikuwa na jina la kijana limepigwa chapa. Akatoa kalamu, akainama asaini.

"Soma kwanza," mzee akamwambia.

"Mzee, si umepima wewe?"

"Ndiyo maana nakwambia soma."

Kijana akavua miwani ya jua. Akaanza kona ya kwanza, kidole kwenye namba, akiangalia ramani kisha daftari la vipimo, ramani kisha daftari. Kona ya tatu akauliza swali, mzee akajibu. Mikono yangu ilikuwa inachoka kushikilia karatasi, na goti la mzee lilikuwa bado kwenye ile pembe ya tatu. Hakulitoa. Tukamsubiri asome mpaka mwisho.