Mkono wa Kushoto, Sikio la Kulia

Binti yangu alikuwa na miaka mitano alipojikwaa kwenye sufuria ya mawese niliyokuwa nimetoka kuiepua. Mafuta yalimmwagikia begani na kwapani, upande wa kushoto. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno. Mimi, mjinga kuliko wote, nikampaka mawese ya baridi, na ndoo ya maji safi ilikuwa pale pale mlangoni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tulilazwa wiki saba. Nilidhani kidonda kikifunga tumemaliza kazi. Muuguzi mmoja mkali ndiye aliyenifumbua macho.

"Mama, ngozi mpya inavuta," aliniambia. "Mtoto ataubana mkono ubavuni kwa sababu hapo hauumi. Ukimwonea huruma, utaganda hapo hapo. Mnyooshe kila siku, hata akilia."

Nikaitikia vizuri, halafu tuliporudi nyumbani Ujiji nikafanya kinyume. Akilia, naacha. Kovu likawa nene, linang'aa, linawasha hadi anajisugua ukutani. Mchana wa joto alitoka jasho mwili mzima isipokuwa pale. Baada ya miezi miwili mkono ulikuwa hauvuki usawa wa bega, na daktari akaanza kutaja upasuaji.

Ndipo mama mkwe aliposhuka kutoka Kalinzi na mkungu wake wa ndizi. Alimtazama mjukuu, akanitazama mimi.

"Huyu ataanzaje shule?"

Zamani mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa. Akigusa sikio la upande wa pili, ameiva kwa darasa la kwanza. Nikamwambia, "Mama, siku hizi hawapimi hivyo."

"Mimi napima," akajibu.

Tangu hapo, kila asubuhi alilipaka kovu mafuta ya mgando, kisha akaupandisha ule mkono taratibu. Mtoto analia, bibi anaimba kwa Kiha, na mimi nimekimbilia uani nikisingizia vyombo. Nilimchukia mama wa watu, nakiri. Vidole vikafika shavuni. Vikafika kwenye nyusi. Kwenye utosi vikagoma wiki nyingi, nikakata tamaa kabisa. Bibi hakuacha hata siku moja.

Mwaka uliofuata nikampeleka binti kuandikishwa. Mwalimu aliomba cheti cha kuzaliwa tu. Nikiwa bado nakitafuta kwenye mkoba, nikamsikia mwalimu anacheka. Nikageuka. Binti yangu, bila kuombwa na mtu, alikuwa amesimama wima mbele ya meza, mkono wa kushoto umepita juu ya kichwa, vidole vimeng'ang'ania sikio la kulia.

"Shusha mkono, mwanangu," mwalimu alisema. "Hatupimi hivyo tena."

Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuona haya.

"Samahani, mwalimu," nikamwambia. "Mwache alishike kidogo."