Siku Niliyomteka Mtani Wangu Msibani

Ukoo wetu wa Nachingwea na ukoo mmoja wa Malolo, kule Ruangwa, tunataniana tangu enzi za mababu. Akifa mtu wao, sisi ndio wenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Tunavaa nguo za marehemu, tunaiga mwendo wake, tunazuia jeneza lisitoke mpaka tupewe chochote. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika, na akikasirika ndiyo kwanza tunazidisha. Katika kazi hiyo sijaona wa kunishinda, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Waulizeni.

Basi tulipopata habari kwamba mtu wao mmoja amefariki, nikawasha kirikuu yangu, ile pikapu ndogo ninayobebea ufuta na korosho za watu, nikaenda Malolo. Nilikuta wanaume wamekaa kwenye mikeka uani, wanasubiri kuzika baada ya adhuhuri. Nikaingia nimevaa koti la marehemu, nikaanza kulalamikia bei ya korosho kwa sauti yake ileile ya puani. Uwanja mzima ukacheka. Mdogo wake marehemu, ambaye kati yao wote ndiye mtani wangu wa karibu, naye akacheka. Ila alicheka upande mmoja.

Nikadhani ananifanyia vituko. Nikamsogelea nimjibu, nikaona shavu la kulia limelala, mate yanamtoka, chai imemmwagikia mapajani na wala hana habari. Mimi mwenyewe nina presha, na nesi wa kliniki yetu kila tukienda hutuimbia yaleyale: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, hicho ni kiharusi, kimbieni hospitali. Nikamwambia anyanyue mikono yote miwili. Ukapanda wa kushoto peke yake.

"Jamani, huyu anaumwa!" nikapiga kelele. "Kapatwa na kiharusi, tumpeleke hospitali!"

Wakaangua kicheko. Nikaapa kwa Mungu, wakazidi. Mtani wangu akajaribu kusema kitu, yakatoka maneno yaliyotafunwa, wakamshangilia wakidhani ananijibu mapigo. Mwisho nikalia, nikalia kweli, na kijana mmoja akasema, "Leo bibi katisha, mpaka machozi kaleta!"

Niliogopa sana. Nilikasirika pia, ingawa sikujua nimkasirikie nani, maana sifa hiyo ya kutoaminika nimeitafuta mwenyewe kwa miaka mingi. Na pale pale nikaona njia. Walikuwa hawaniamini, lakini hakuna hata mmoja ambaye angethubutu kunizuia.

Nikafuta machozi, nikapanda kwenye benchi. "Haya! Huyu namteka! Mkimtaka, mje kumkomboa! Nyie vijana wawili, nipakilieni mzigo wangu!"

Wakambeba huku wanacheka, wakamkalisha kiti cha mbele, wakamfunga na kanga yangu asianguke. Watu wakapiga makofi. Niliondoka na vumbi langu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umemshika bega.

Njiani mwanawe akapiga simu. "Mama, utani umezidi sasa. Tunataka kuzika."

"Zikeni," nikamwambia. "Baba yako nampeleka hospitali Ruangwa. Na wewe njoo, umletee nguo za kubadilisha, amejikojolea."

Nikasikia anaita bodaboda.

Ruangwa walimpima presha, wakatuingiza kwenye gari la wagonjwa sisi watatu, mimi, yeye na mwanawe, mpaka hospitali kubwa yenye CT scan. Daktari, binti mdogo tu, alituonyesha picha ya ubongo kwenye kompyuta. Akasema hakuna damu iliyovuja. Kuna mshipa umezibwa na donge la damu. Mwanawe akauliza kama sehemu ile imekufa. Daktari akasema ndani kabisa pengine ndiyo, lakini pembeni yake kuna sehemu iliyozimia tu kwa kukosa damu, na hiyo ndiyo wanayoigombania. Akasema watafiti siku hizi wanapiga hata picha za damu inavyotembea kichwani, ili wajue kipi kimekufa na kipi bado kinaokoleka. Mashine yao haikuwa ya hivyo, lakini ilitosha kumwonyesha dawa ya kuanza nayo.

Mimi nilimwelewa vizuri sana. Nina bustani ya mchicha. Maji yakikatika, kuna tuta linalokauka na kuna tuta linalonyauka, na lililonyauka ukiliwahi linainuka.

Aliinuka. Ilichukua muda, kwanza kukaa, halafu kusimama kwa fimbo, halafu maneno, moja moja. Nilikuwa nampelekea uji nyumbani kwake Malolo na kumtukana kila nikifika, kama inavyotakiwa. Wenzake walikwisha kuniomba radhi. Yeye hakusema lolote, akinywa uji ananitazama tu, na mimi nilijua kuna jambo linakuja.

Siku moja likaja. Alikaa barazani, akaweka kikombe chini kwa mkono wa kushoto, akaanza kuyatafuta maneno. Nikamwacha ayatafute.

"Nilikuwa... na kaka mmoja tu," akasema. "Hukuniacha... nimzike."

Utani wote ulinitoka. Ningeweza kumweleza habari za mshipa na donge, lakini alikwisha kuelezwa na daktari. Hakuwa anauliza hayo. Sikumwomba msamaha pia, kwa sababu ingetokea tena ningemteka tena.

"Na yeye," nikamwambia, "alikuwa na mdogo mmoja tu."

Akaanza kumlilia kaka yake, kilio ambacho wenzake walikimaliza siku ya maziko. Nikavuta mkeka, nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikamwita kwa jina lake.