Vitanzi Viwili na Kiuno cha Mama

Sauti ya kamba iliyokazwa sawasawa hainipotei. Wiki iliyopita, hapa mtaani kwetu Mikelenge, kijana mmoja alikuwa akifunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli kwa mpira wa gurudumu. Alipomaliza aliugonga kwa kidole, ukalia "dung", nami nikajikuta nimesimama njiani nikicheka peke yangu. Mjomba wangu Ramazani alikuwa akigonga kamba vivyo hivyo.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na tulikuwa tumerudi tu kutoka msituni, tulikojificha vita vilipoingia mjini. Kabla ya kukimbia, Mama aliizungushia cherehani yake turubai, akaishusha kwa kamba ndani ya kisima chetu kilichokauka. Kuificha ilikuwa kazi nyepesi. Tuliporudi kamba ilikuwa imeoza na kukatika, cherehani imelala chini kabisa, na bila cherehani ile Mama hakuwa na njia ya kutulisha. Mjomba, aliyewahi kuchimba madini Pangi, angeshuka mwenyewe, ila alikuwa mzito na Mama peke yake asingeweza kumvuta. Basi nikajitolea kwa kelele, nikiogopa wasije wakakumbuka kwamba nina binamu wa kushushwa badala yangu.

Mjomba alishusha kwanza taa ya mafuta, ikarudi ingali inawaka. Hewa ilikuwa nzuri. Kisha akafunga kitanzi kimoja kwenye mparachichi na kingine kwenye mchikichi, akaviunganisha kwa fundo mbele ya kisima, mahali pa kupitishia kamba yangu. Mchikichi ulikuwa karibu zaidi, kwa hiyo kitanzi chake kililegea. Alilisogeza fundo, akavuta, akagonga, akasikiliza, akalifungua tena. Mimi nimeshavalishwa mkanda wa kukalia, roho juu kwa hamu, na yeye anapigapiga vitanzi kama mtu anayejaribu gitaa.

"Moja ikilegea, ingine njo itabeba muzigo yote," alisema bila kuniangalia. Alitaka vitanzi vyote viwili vigawane uzito sawasawa.

Vilipotoa sauti moja, Mama alichukua mwisho wa kamba yangu akajifunga kiunoni, juu ya kitenge. Mjomba alimwambia hakuna haja. Mimi nilimcheka, maana alionekana kama mbuzi aliyefungwa malishoni, nikamwuliza anajifunga kwa nini.

"Ili usiende bila mie."

Nikashushwa. Kule chini kulinuka udongo na kutu, na mbingu ilikuwa ndogo kama sahani. Niliifunga cherehani kwa kamba ya pili jinsi nilivyofundishwa, nikavutwa juu, kisha nayo ikafuata ikigonga kuta. Turubai lilipofunguliwa, chura aliruka kutoka kwenye droo. Mama akazungusha gurudumu, likakubali. Alicheka mpaka akakaa chini, kamba bado iko kiunoni.

Mwaka jana tulikifukia kisima kile. Nilisimama pale aliposimama Mama, hatua mbili kutoka ukingoni, kwenye udongo unaoteleza, nikatafuta kitu ambacho angekishika kama vitanzi vingekatika. Hapakuwa na kitu. Miaka yote hiyo niliamini kwamba angenizuia nisianguke.

Niliingia ndani nikamwuliza kama siku ile alijua kwamba tungeanguka wote wawili. Amezeeka sasa na macho yamechoka, lakini cherehani bado haruhusu mtu aiguse. Alisema alijua. Kisha akaninyooshea sindano nimtungie uzi.