Mwendo wa Mdogo Wangu

Mimi ndiye niliyesema ndiyo. Mwenye chumba cha maombi, walikoombewa wagonjwa wa akili, aliniuliza kama wamfunge mdogo wangu mguu kwenye gogo, nami, kaka yake, niliyemaliza sekondari, nikakubali. Laiti ningekataa.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni zilikuwa zimeacha kufika Kindu, mji wetu huku Kongo, na mdogo wangu alisafirisha mafuta ya mawese kwa baiskeli, madumu manne, bidoni tunavyoyaita, bila kuyumba. Halafu akaanza kuanguka mahali pakavu. Akawa anatembea ametanua miguu, kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Majirani walicheka: "Lotoko imemushika tangu asubuhi."

Hakuwahi kuonja lotoko wala pombe nyingine. Nilijua. Lakini niliona afadhali ndugu mlevi kuliko ndugu mwenye wazimu, basi nikacheka nao.

Sauti zikafuata. Alijibizana na watu tusiowaona. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia aguse pua yake, kisha kidole cha muuguzi, haraka haraka. Kidole chake kikapita pembeni. Muuguzi akanigeukia.

"Anakunywaka?"

"Anakunywa," nikasema.

Akafunga daftari. Aache pombe, alituambia, kisha turudi. Hatukurudi. Alizidi kuzurura hadi kwenye kizuizi cha askari, nikaogopa watampiga risasi. Ndipo nikampeleka kwenye gogo.

"Yaya, unaniacha?" aliniuliza. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa.

Nikamwambia nitarudi Jumapili. Nilirudi baada ya miezi miwili. Aibu ndiyo iliyonizuia, si vita. Mti ulikuwa umemla kifundo cha mguu, nikamrudisha nyumbani.

Juzi tu, baada ya miaka yote hii, daktari mmoja alimtazama akitembea, akauliza mwendo ule wa kutanua miguu ulianza lini. Alinieleza kwamba kisogoni kuna ubongo mdogo unaopima hatua zetu, na kwamba wataalamu wanachunguza kama unapima pia mawazo, hata mtu akatambua kuwa sauti iliyo kichwani ni yake mwenyewe. Hakusema ndicho chanzo cha ugonjwa. Alisema kuyumba kule kungeweza kuwa dalili, na kulistahili kuandikwa. Akauliza tulimwambia nini muuguzi.

"Nilisema anakunywa pombe," nikajibu.

Dawa zimepunguza sauti. Mdogo wangu anaishi kwangu, anachechemea uani. Nikimpelekea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ananishukuru kwa adabu: "Aksanti, chef."

Chef ndivyo wafungwa wa kile chumba walivyomwita mlinzi wa gogo. Nimemweleza mara nyingi mimi ni nani. Anaitikia kwa kichwa, kisha ananyoosha mguu mbele yangu, kama mtu anayesubiri kufunguliwa. Tangu siku ile nilipomwacha kwenye gogo hajaniita yaya. Yuko hai, nyumbani mwangu, na mimi sina tena mdogo.