Kiti cha Karibu na Mlango

Mama anayetunza hosteli tunakofikia sisi wa kujitolea hutandika vitanda kumi na viwili, na kila shuka huipigapiga kama anayemlaza mtoto. Tukirudi kutoka kazini na madoa hutucheka: "Mlikwenda kupaka shule rangi au kupakana wenyewe?" Jioni alikuwa akitupangia viti vya mazungumzo, vyote kumi na vitatu, kisha akisimama mlangoni akifuta mikono. Mwaka jana mada ilikuwa watu waliosahauliwa. Kiongozi wetu akamwambia, "Mama, umekosea hesabu, kimoja kimezidi." "Haya, mwanangu," akajibu, akakibeba kile cha karibu na mlango, pamoja na mto wake mdogo, hadi jikoni. Hakuna aliyemzuia, mimi nikiwemo. Mwaka huu tumekuja tena kumi na wawili, na mama hakukosea hesabu.